Ulimi wa Kiongozi ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo lililoingia katika kila nyumba, hapa Fumba na Unguja nzima, nalo ni yale wanayoyaandika viongozi tuliowachagua katika mitandao ya kijamii. Je, yafaa wawekewe mipaka? Na mipaka hiyo iwe ya namna gani?

Katika Visiwa vyetu mpiga kura humchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Wote hao wamebeba amana, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, amana zifikishwe kwa wenyewe. Neno la kiongozi halina uzito sawa na neno la mtu mwengine. Tuchukue mfano: kiongozi aandika usiku kwamba mashamba ya upande fulani yatatwaliwa kwa ujenzi, naye hakuthibitisha. Kabla ya jua kuchomoza, mjane amekwisha kubali kuuza shamba lake kwa bei ya kutupa. Kiongozi akiyafuta maandishi yake kesho, je, shamba litarudi? Sisi wa Fumba, tulioona mashamba yakigeuka miji mipya, twaujua uzito wa habari kama hiyo. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Zama hizi kidole chenyewe ndicho kimekuwa ulimi.

Aya ya 83 ya sura hiyo hiyo inawalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, bila ya kulirejesha kwanza kwa Mtume na kwa wenye madaraka wanaoweza kulichunguza. Sheria zetu nazo zimeugusa mlango huu. Zanzibar inayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 2015, na mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayokataza kueneza habari za uongo.

Hata hivyo yabaki maswali mawili. La kwanza: ukurasa wa kiongozi ni mali ya nani? Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporejea, alitenga fungu moja akasema ni la Waislamu, na jingine akasema amezawadiwa yeye. Mtume akakasirika, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama zawadi zingemfuata. Basi kiongozi naye ajiulize: maelfu wanaomfuata mtandaoni wangemfuata lau angekaa kwao bila ya cheo? Kilichokuja kwa cheo kisitumiwe kwa biashara yake wala kwa kuwatukana mahasimu wake.

La pili: je, aweza kumfungia mwananchi anayemkosoa? Katika tarekhe imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipopata habari kuwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.) ameweka mlango baina yake na watu wa Kufa, alimtuma Muhammad bin Maslama akauchome moto. Nchini Marekani, Machi 2024, Mahakama ya Juu iliamua shauri la msimamizi wa mji wa Port Huron aliyemfungia raia mmoja. Majaji walisema kiongozi huhesabiwa kuwa ametenda kwa jina la dola pale anapokuwa na mamlaka ya kweli ya kuisemea, na akaandika kwa kuyatumia mamlaka hayo. Ya nyumbani kwake ni yake. Ya cheo chake ni ya watu.

Lakini tujihadhari, ndugu zetu. Mipaka inayolinda amana isigeuzwe kufuli ya mdomo wa mwakilishi. Tarehe 31 Agosti 2021 Bunge liliwasimamisha wabunge wawili kuhudhuria mikutano miwili, kwa maneno waliyoyasema nje ya Bunge. Miezi michache baadaye Spika aliyeliongoza, marehemu Job Ndugai, naye alijiuzulu, tarehe 6 Januari 2022, baada ya maneno yake juu ya mikopo ya Serikali kuenea na kuleta mzozo. Humo mna funzo: anayeshika mizani leo, kesho hupimwa kwayo. Kwa hiyo kanuni iandikwe wazi, imhukumu mkubwa kama mdogo, ikataze uongo, matusi na uchochezi, wala isikataze neno la haki mbele ya mwenye nguvu, ambalo Mtume (S.A.W.) amelihesabu kuwa katika jihadi bora.

Nasi wasikilizaji, na nyinyi wanafunzi, tusiwe wapeleka habari bila ya kuhakikisha, kwani Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuonya tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta.

Ewe Mola wetu, watengeneze viongozi wetu, zilinde ndimi zetu na vidole vyetu, na uidumishe amani ya nchi yetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.