KWA NINI BWAWA LA KUOGELEA HUCHELEWA

(Mazungumzo yaliyosomwa na kamati ndogo ya ujenzi mbele ya mkutano wa tawi)



Mkutano uliopita ulituchagua sisi watu watatu, mmoja wa karakana, mmoja wa njia ya reli na mmoja wa ofisi ya mizigo, tuchungue jambo moja kisha tulete habari. Jambo lenyewe mnalijua. Limeletwa shauri kwamba kila mwanachama akatwe shilingi kidogo katika mshahara wake kila mwezi, ili fedha hizo zijenge bwawa la kuogelea kwa ajili ya watoto wetu. Wengine walipiga makofi. Wengine wakauliza, "Je, kazi hiyo itakwisha, au tutaachiwa shimo?" Swali hilo ndilo tuliloagizwa kulijibu.

Kwanza tuseme kwamba shauri lenyewe ni jema. Mvua ikinyesha hapa Nairobi, machimbo ya mawe yaliyoachwa hujaa maji, na watoto hujitumbukiza humo bila mtu mzima wa kuwaangalia. Wengi wetu tumehudhuria matanga ya namna hiyo. Shirika la Afya la Dunia limehesabu kwamba katika mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na katika kila kumi, zaidi ya tisa walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kwa hiyo hatukuja hapa kuliua shauri hili. Tumekuja ili lisife katikati ya njia.

Sasa tutatoa mifano mitatu, na yote mitatu ni ya Ulaya. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Kazi ikichelewa hapa kwetu husemwa mara moja kwamba mfanyakazi ni mvivu, au kwamba vibarua wameiba simenti, na twaambiwa kwamba kwa wenzetu mambo huenda kama saa. Basi na tuwatazame hao wenzetu.

Mfano wa kwanza ni London. Katika mtaa wa Stoke Newington, halmashauri ya Hackney iliamua kuwajengea watu wake nyumba ya michezo iitwayo Clissold, jengo la kioo na chuma lenye mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa michezo na mambo mengine. Hesabu ya kwanza ilikuwa karibu paundi milioni 7. Nyumba ilifunguliwa mwaka wa 2002, baada ya kuchelewa sana na baada ya gharama kupanda mara nyingi. Watu wakaingia, wakaogelea. Lakini paa lilivuja, kuta zikaonyesha nyufa, na mifereji ya kutoa maji ikawa mibovu. Mwishoni mwa mwaka wa 2003 ikafungwa kwa ajili ya usalama. Haikufunguliwa tena hata Desemba 2007. Kwa hiyo watu waliitumia kwa muda usiotimia miaka miwili, kisha wakakaa nje miaka minne wakitazama mlango uliofungwa. Mwisho wa yote gharama ilifika karibu paundi milioni 45, yaani zaidi ya mara sita ya hesabu ya kwanza.

Ndugu zangu, hakukosekana simenti London. Hawakukosekana mafundi wala mainjinia wala wanasheria. Hatukutumwa hapa kuamua nani alikuwa na kosa. Tunalotaka mlione ni hili: nyufa na mvujo haviletwi na mchimbaji aliyechelewa kufika asubuhi. Mambo kama haya huanzia katika ramani, katika mapatano, na katika kukosa msimamizi wa kusema "Simama!" mapema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Hackney walijenga ukuta, na kodi zao ndizo zilizolipa.

Mfano wa pili ni Athens, mji mkuu wa Ugiriki, ulioandaa michezo ya Olimpiki mwaka wa 2004. Ilikusudiwa bwawa kubwa la kuogelea liezekwe paa. Kazi ikachelewa na ikachelewa. Ilipofika Machi 2004, ikiwa imebaki miezi mitano tu michezo ianze, wakuu wakaona hakuna njia, wakaliacha paa. Magazeti ya dunia yakawacheka. Lakini mwezi wa Agosti waogeleaji walikuja, wakashindana chini ya jua, na Michael Phelps wa Marekani akajipatia medali 6 za dhahabu katika bwawa hilo lisilo na paa. Fundisho ni jepesi. Paa halikuwa bwawa. Kama wangejua tangu mwanzo ni kitu gani cha lazima na kitu gani cha pambo, wangejiepusha na aibu na hasara.

Mfano wa tatu ni wa huzuni. Katika mji wa Uster, nchi ya Uswisi, lilikuwapo bwawa la ndani lililojengwa mwaka wa 1972. Juu ya waogeleaji palikuwa na dari ya konkriti iliyoning'inizwa kwa vyuma vya ile pua isiyoshika kutu. Tarehe 9 Mei 1985 dari hiyo ilianguka, na watu 12 wakafa. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba dawa ya klorini itiwayo majini ili kuua vijidudu ilipanda pamoja na mvuke, ikavila vile vyuma. Kwa kuwa vilikuwa vimevutwa na uzito wa dari, vilipasuka kidogo kidogo mahali pasipoonekana. Wenzetu wa karakana wanalijua jambo hili vizuri. Ekseli haisemi "Nitavunjika kesho." Ndiyo sababu tunaigonga, tunaipima, wala hatuiamini kwa sababu inang'aa.

Baada ya mifano hiyo, tueleze kwa nini bwawa ni kazi ngumu kuliko nyumba, maana wengi hudhani ni shimo tu lenye vigae.

Jambo la kwanza ni uzito. Mita moja ya maji kila upande, yaani urefu, upana na kina, ina uzito wa tani moja. Bwawa dogo la urefu wa mita 25, upana wa mita 10, na kina cha mita moja na nusu kwa wastani, linachukua tani 375 za maji. Kama behewa moja linabeba tani 40, hayo ni mabehewa tisa yaliyojaa na zaidi, nayo yanakaa mahali pamoja usiku na mchana. Bwawa la Olimpiki, mita 50 kwa 25 na kina cha mita mbili, ni tani 2,500. Hayo ni mabehewa zaidi ya 62.

Jambo la pili ni udongo. Sehemu nyingi za Nairobi, hasa upande wa mashariki, zina ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Watu wa njia ya reli hawahitaji kufundishwa habari zake. Wakati wa mvua huvimba, wakati wa kiangazi hupasuka hata mguu ukaingia. Konkriti ikiwekwa juu yake bila kuuondoa au kuuandaa, itainuliwa upande mmoja na kushushwa upande mwingine, na ufa hauna budi kutokea. Tena kuna ajabu nyingine. Mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yako karibu, bwawa likiachwa tupu linaweza kusukumwa juu kama mashua. Ndiyo maana mtu mwenye ujuzi haondoi maji yote bila kwanza kuuliza habari za ardhi iliyo chini yake.

Jambo la tatu ni wakati wenyewe. Konkriti ina saa zake, wala haiogopi nyapara. Mainjinia huihesabu nguvu yake kwa siku 28, na siku za kwanza hapana budi imwagiliwe maji isikauke upesi. Baada ya hapo bwawa lijazwe kabla ya kutiwa vigae, na maji yapimwe kila siku kwa muda wa siku saba hivi. Kwa kuwa jua nalo hunywa maji, ndoo iliyojaa huwekwa pale pale ngazini. Ikiwa maji ya bwawa yamepungua kuliko maji ya ndoo, mjue panavuja. Kontrakta mwenye haraka huiruka kazi hiyo, akapaka, akapamba, akapokea fedha zake. Mvujo ukionekana, vigae vyote hubanduliwa. Wiki moja aliyojidai kuiokoa huwa miezi.

Jambo la nne ni fedha. Kazi nyingi husimama kwa sababu mwenye kazi alianza na fedha za kuchimba tu, akitumaini zilizobaki zitakuja. Au alimlipa kontrakta nyingi mno mwanzoni, naye akazipeleka katika kazi nyingine. Au alimlipa akiwa amechelewa, vibarua wakakosa mshahara, wakaondoka. Au ramani ilibadilishwa kila mwezi: leo mnara wa kurukia, kesho chumba cha chai. Kila badiliko hufungua mapatano upya. Na kazi inaposimama, wa kwanza kulala njaa ni kibarua, na wa kwanza kulaumiwa ni yeye huyo huyo. Sisi tulio katika chama cha wafanyakazi tukijenga, tusimtendee mtu mwingine lile ambalo tunalikataa tutendewe sisi.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, kamati ndogo inaleta mashauri haya.

Moja. Kabla ya kukatwa shilingi hata moja ya ujenzi, yachimbwe mashimo ya kupima udongo mahali tulipoahidiwa, na injinia aandike anachokiona. Gharama yake ni ndogo na mfuko wa tawi unaiweza.

Mbili. Bwawa liwe la mita 25, lisilo na paa wala mnara. Ramani ikishakubaliwa na mkutano huu, isibadilishwe ila na mkutano huu.

Tatu. Kontrakta awe ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, kama ilivyoamriwa na sheria ya mwaka wa 2011. Mapatano yafasiriwe kwa Kiswahili na kubandikwa ubaoni, kila mwanachama ayasome.

Nne. Alipwe kwa hatua za kazi iliyokwisha, si kwa ahadi. Sehemu moja ya kumi ya kila malipo izuiwe hata bwawa lijaribiwe kwa maji na lipite katika mvua za masika moja.

Tano. Tuwe na msimamizi wetu wenyewe, anayelipwa na sisi, asiyekula kwa kontrakta. Naye awe na ruhusa ya kusimamisha kazi.

Sita. Katika mapatano iandikwe kwamba vibarua watalipwa kila mwisho wa juma, wawe na viatu na kofia za kazi, na bima ya kuumia kazini kama sheria ya mwaka wa 2007 inavyotaka. Ukuta wa shimo refu uzuiliwe kwa mbao kabla mtu hajashuka.

Saba. Ihesabiwe sasa, wala si baadaye, gharama ya kila mwezi: pampu, umeme, klorini, na mlinzi ajuaye kuokoa mtu majini. Pia tangi la maji, maana mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu. Bwawa lisilo na fedha za kila mwezi huwa la kijani, na bwawa la kijani ni lile lile shimo la machimbo, ila limezungushiwa ukuta.

Watauliza wenye subira ndogo, "Na watoto je, wangoje miaka?" Hapana. Tunapendekeza wakati huu huu tawi likodi saa mbili kila Jumamosi katika bwawa ambalo limekwisha kujengwa, na tumtafute mwalimu. Watoto 30 wanaweza kuanza kujifunza kabla koleo halijagusa ardhi. Wasipofundishwa, hata bwawa letu jipya litakuwa hatari kwao.

Leo hatuwaombi kura ya kujenga. Tunawaomba kura mbili ndogo: ya mashimo ya kupima udongo, na ya saa mbili za Jumamosi. Injinia akisema ardhi haifai, tutakuja mbele yenu kusema hivyo hivyo, na fedha zenu zitakuwa bado mifukoni mwenu. Akisema inafaa, ndipo tutakapozungumza habari ya makato.

Reli haitandikwi pahali pasipopimwa. Kwanza hupita watu wa kupima, kisha hujengwa tuta, kisha kokoto na mataruma, ndipo chuma. Abiria haoni kazi hiyo ya kwanza, naye hulala usingizi ndani ya gari la moshi kwa sababu ilifanywa. Tunaomba watoto wetu nao wafanyiwe hivyo.

Maswali tunayakaribisha.