Daftari, Saini na Amana: Mtayarishaji wa Hesabu za Kodi Mbele ya Mteja Mgumu

Maandishi ya mada kwa watayarishaji wa hesabu za kodi na wafanyabiashara wadogo wa Kidichi



Kidichi inajulikana kwa hamamu yake ya zama za Sayyid Said bin Sultan, na kwa mashamba ya viungo ambayo wageni huyatembelea kila msimu. Isiyojulikana sana ni kazi inayofanyika nyuma ya biashara hizo: kazi ya mtu mwenye meza moja na kompyuta moja, ambaye mwenye duka la mdalasini, mwenye nyumba ya wageni na mwenye gari la kutembezea watalii humpelekea bahasha ya risiti na kumwambia, "Nitengenezee." Neno hilo lina maana mbili. Laweza kuwa "niandikie yaliyo sahihi", na laweza kuwa "niandikie yatakayokubalika". Mada hii yahusu siku ambayo mtayarishaji anatambua kwamba mteja wake amekusudia maana ya pili.

Kabla ya kufika huko, ni vyema mipaka ya mamlaka ieleweke, kwani ugomvi mwingi baina ya mteja na mtayarishaji huanzia hapo. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332. Kodi ya ongezeko la thamani ya Zanzibar, ushuru wa hoteli na nyenginezo zisizo za Muungano husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo hadi mwaka 2022 ilikuwa Bodi ya Mapato. Mteja aliyekwisha kulipa ZRA aghalabu huja na hasira: "Nimelipa mwezi uliopita, wanataka nini tena?" Asijibiwe kwa hasira. Achorewe karatasi yenye safu mbili, huku ZRA na huku TRA, na kila kodi iandikwe mahali pake pamoja na tarehe yake.

Wapo pia wanaosema kwamba fedha ya TRA yavuka bahari isirudi. Hao waelezwe kwa upole kwamba kodi ambayo TRA inakusanya Zanzibar huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mtu aliyeelewa kodi yake inakwenda wapi ni mwepesi zaidi wa kuitaja sawasawa.

Mteja asiye na daftari

Mteja mgumu wa kwanza hana nia mbaya. Ana mfuko wa plastiki. Ndani yake mna risiti zilizofifia, karatasi za mizani, na ujumbe wa malipo ya simu usiosomeka. Naye amekuja siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kodi ya wafanyabiashara wadogo, msemo huo una bei inayohesabika. Chukua mwenye duka la viungo ambaye mauzo yake ghafi kwa mwaka ni shilingi milioni 10. Kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara wa ngazi ya milioni 7 hadi milioni 11 asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 250,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 10, hiyo ni 90,000 na 90,000 nyengine, jumla 180,000. Daftari la shule la bei ndogo limemwokolea shilingi 70,000. Kwa kuwa Sheria ya Fedha huweza kubadili viwango kila mwaka wa bajeti, mtayarishaji ahakikishe kiwango kinachotumika kabla ya kumtajia mteja. Lakini somo lenyewe halibadiliki.

Mteja wa namna hii asikaripiwe, wala asibuniwe tarakimu za kumfurahisha. Kosa kubwa la mtayarishaji mwenye huruma ni kujaza mapengo kwa kukisia, kisha kukisia kwake kukasomwa kama ushahidi. Lililo bora ni kukaa naye na kuyajenga upya yale yanayoweza kujengwa: taarifa ya benki, taarifa ya malipo ya simu, hati za mauzo ya karafuu kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar ikiwa anauza karafuu, na risiti za kielektroniki alizokwisha kutoa. Lisilopatikana liandikwe kwamba halikupatikana. Kisha asiondoke bila daftari jipya na maelekezo ya safu tatu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka. Sheria inamtaka azitunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na mfuko wa plastiki haufiki huko.

Mara nyengine mzee huyohuyo, akishasikia kwamba mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kitu, hutabasamu na kusema: "Basi mwanangu, andika milioni tatu. Nani atakuja kuhesabu hiliki zangu?" Jibu la heshima lipo: "Mzee wangu, hiliki hazihesabiki, lakini risiti zinahesabika. Kampuni za watalii zinazonunua kwako zimeliandika jina lako katika matumizi yao. Tukiandika tatu, mwaka watakapolinganisha utaulizwa wewe, na mimi sitakuwa na la kukutetea. Tukiandika kumi kwa daftari, utalipa pungufu ya yule asiye na daftari." Maneno hayo yamemkatalia bila kumwita mwongo, na yamempa njia badala ya ile aliyoitaka.

Mteja anayeficha kwa makusudi

Hapa ndipo kazi inapokuwa nzito. Mwenye nyumba ya wageni amefika na hesabu nzuri za shamba, lakini nusu ya malipo ya vyumba hupitia akaunti ya ndugu yake aliye Ulaya. Anasema: "Hizo usiziguse. Hazijafika Zanzibar." Mtayarishaji ameshazijua. Mtu asiyezijua ana udhuru, aliyezijua hana.

Sheria ya Kodi ya Mapato imemweka mtayarishaji anayelipwa katika nafasi ya pekee. Anayemtayarishia mwenzake ritani kwa malipo hutakiwa kutia saini kuthibitisha kwamba amezichunguza hati zinazohusika, na kwamba kwa kadiri ya ujuzi wake ritani hiyo ni sahihi na kamili. Akikataa kutia saini, humpa mteja maelezo ya maandishi ya sababu za kukataa, nayo huambatanishwa na ritani. Kwa hiyo sheria haikumfanya mtayarishaji askari wa serikali, wala haikumfanya mpagazi wa kubeba chochote anachopewa. Imemfanya shahidi. Na shahidi, kwa mila za watu wa pwani na kwa dini yao, hasemi asiloliona wala hafichi aliloliona.

Mazungumzo na mteja huyu yafanyike faraghani, bila wafanyakazi wake na bila jamaa zake. Kwanza aulizwe, asishutumiwe, kwani huenda fedha hizo ni mkopo kutoka kwa ndugu, au ni marejesho ya fedha aliyotoa mwenyewe. Ikiwa ni mapato, aelezwe wazi kwamba mkaazi wa nchi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, yakiwa yamepokelewa Kidichi au ughaibuni. Akumbushwe kwamba chumba kilicholipiwa kimelaliwa: idadi ya wageni ipo katika vitabu vya nyumba na katika ushuru anaowasilisha ZRA. Kisha aoneshwe hesabu mbili kwenye karatasi moja, yaani kodi atakayolipa leo akisema kweli, na kodi hiyohiyo ikigunduliwa baadaye pamoja na riba na adhabu. Wengi hurudi nyuma kwa karatasi hiyo kuliko kwa mawaidha.

Asiporudi nyuma, mtayarishaji aandike barua fupi yenye mambo matatu: kile alichoonesha mteja, kile alichoshauriwa, na kwamba mteja hakukubali. Nakala moja ibaki katika faili. Kisha arudishe hati zote, hata zile za ada isiyolipwa, kwa kuwa kuzuia hati za mteja ili kumlazimisha kulipa huzaa ugomvi mwengine juu ya ule wa kwanza. Aondoke bila kumtangaza. Siri ya mteja haifi siku mkataba unapokufa; neno linalosemwa barazani Kidichi asubuhi hufika Bububu kabla ya adhuhuri.

Udugu, ujirani na ada

Katika shehia ambayo kila mtu ni ami, shangazi au jirani wa mtu, ada ni jambo la haya. "Wewe si mwanetu? Utanitoza mimi?" Mtayarishaji asiyetaja ada mapema huishia kufanya kazi bure, na kazi ya bure hufanywa kwa haraka, na ya haraka hukosewa. Ada itajwe kabla ya bahasha kufunguliwa, iandikwe, na ieleze kazi gani imo na ipi haimo. Akitaka kumsaidia jamaa, ampunguzie waziwazi na kuandika kwamba amempunguzia. Ada isifungwe na kodi iliyopunguzwa, kwa maana kila mtayarishaji anayelipwa kwa sehemu ya kilichopunguzwa ameshauzia mteja kishawishi.

Udugu huleta pia mtihani wa siri. Mzee amefariki, na mtoto mkubwa anakuja kuuliza marehemu aliingiza kiasi gani, ilhali ndugu zake hawajui kama amekuja. Jibu ni moja kwa wote: hesabu za marehemu hutolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa kwa utaratibu wa sheria. Vivyo hivyo kwa washirika wawili waliogombana: kila mmoja hupewa hesabu za ushirika, na hakuna anayepewa hesabu binafsi za mwenzake.

"Hujui mtu pale?"

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu baada ya barua ya makadirio kufika. Mteja anataka mtayarishaji apeleke bahasha. Likataliwe papo hapo, bila mzaha, kwa sababu mzaha husikika kama bei. Atoaye rushwa na apokeaye wote wana hatia, na Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar hupokea taarifa dhidi ya wote wawili. Zaidi ya hayo, mteja aliyenunua ukimya mwaka huu atauziwa tena mwaka ujao, kwa bei asiyoipanga yeye.

Ipo njia ya halali, na wengi huikosa kwa kuchelewa tu. Asiyeridhika na uamuzi wa kodi ana siku 30 tangu alipopokea hati kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, kwa maandishi na kwa sababu. Hutakiwa kulipa kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa, na Kamishna ana uwezo wa kupunguza au kusamehe sharti hilo kwa sababu nzuri. Kwa hiyo siku barua inapofika, kazi ya kwanza ya mtayarishaji ni kuandika juu ya bahasha tarehe iliyopokelewa. Kumtuliza mteja kunakuja baada ya hapo.

Na ikiwa mteja anapiga kelele kwamba yote ni makosa ya mtayarishaji? Amalize kusema. Kisha lifunguliwe faili. Kila ushauri ulioandikwa, kila hati iliyopokelewa kwa saini, husema mahali ambapo mdomo hautosikilizwa. Ikiwa kosa ni la mtayarishaji kweli, alirekebishe kwa gharama yake na kumwambia mteja kabla hajaligundua.

Yanayofaa kushikwa

Mteja naye ana haki ya kumjua anayemkabidhi mali yake. Aulize: umesajiliwa kuwa mshauri wa kodi? Utatia saini? Utanipa nakala? Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure. Anayedai fedha kwa ajili ya namba yenyewe aulizwe analipwa kwa lipi. Nywila ya mfumo wa kodi ni ya mteja. Aibadilishe kazi ikishamalizika, na mtayarishaji mwaminifu hatochukia.

Kwa watayarishaji, tarehe za kuwekwa ukutani ni hizi: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba kwa malipo ya awamu, na 30 Juni kwa ritani ya mwaka uliopita kwa wenye mwaka wa hesabu wa kalenda. Mteja aitwe mwezi mzima kabla. Ugumu mwingi uliotajwa hapa hukua kwa sababu ya haraka: mtu aliyekuja mapema ana nafasi ya kutafuta risiti, ya kuuliza, ya kukasirika na kurudi. Aliyekuja usiku wa mwisho ana nafasi ya kudanganya tu.

Wenye kutaka kulelewa katika taaluma hii wajiunge na ZIAAT, chombo cha wahasibu, wakaguzi wa hesabu na washauri wa kodi wa Zanzibar. Wenye daftari wazidi kuliandika. Wasio nalo walinunue leo wakiwa njiani kurudi nyumbani, na waanze na mauzo ya leo.