Jibu Litangulie



Tasnifu ina mpangilio wake: tatizo, mapitio ya maandiko, nadharia, mbinu, matokeo, na mwishoni kabisa mapendekezo. Mtahini huisoma yote kwa kuwa ni kazi yake. Mwenye biashara anayeelezwa matokeo hayo hana wajibu huo, na hapo ndipo wanafunzi wetu wengi wa uzamili na uzamivu wanapokwama.

Chukueni mfano wa mwanafunzi aliyetafiti viwanda vidogo vya kukamua alizeti Singida. Amebaini kwamba mashine husimama kwa miezi kwa sababu alizeti imekwisha, wala si kwa ubovu wake. Mwenye kiwanda anamkaribisha. Mwanafunzi anafungua slaidi ya nadharia, kisha ya sampuli, na mwenyeji anaanza kupokea simu za wateja wa mashudu. Angeweza kusema hivi: “Mzee, mpango wa kununua mashine ya pili uache kwanza. Fedha hiyo ingia nayo mkataba na wakulima kabla ya msimu, upate alizeti ya kukamua muda mrefu zaidi.” Mzee angeuliza, “Umejuaje?” Hapo sasa sampuli na mbinu zingepata msikilizaji.

Sisemi salamu zirukwe. Kumwamkia mtu na kumuuliza hali ya kazi ni sehemu ya mazungumzo yenyewe, na kijana anayeingia ofisini na takwimu mdomoni huonekana hana adabu. Ninachokataa ni heshima kugeuzwa pazia la kuficha shida. Tazameni barua zetu za kuomba takwimu: “Husika na kichwa cha habari hapo juu,” halafu aya mbili za kujitambulisha, na ombi liko chini karibu na sahihi. Meneja anataka kujua mapema unataka nyaraka zipi, za mwaka gani, utamchukulia muda gani, na siri zake utazilindaje.

Hoja hii si ngeni. Barbara Minto, aliyefanya kazi katika kampuni ya ushauri ya McKinsey, aliwafundisha washauri kutanguliza jibu na kuliegemeza kwa sababu zake. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika 3 na slaidi 1. Ni zoezi zuri, ila naliona halitoshi, maana msikilizaji wa mashindano hana fedha yake mezani.

Kwa hiyo napendekeza kila tasnifu ya biashara iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili, ulioandikwa kwa mtu mahususi mwenye uamuzi wa kufanya. Mwanafunzi akautetee mbele ya mfanyabiashara aliyealikwa, na mfanyabiashara huyo awe na haki ya kuurudisha uandikwe upya, kama msimamizi anavyorudisha sura ya kwanza.