Tuchume Tunda, Tuuache Mmea

Hotuba kwa wakazi wa maeneo yanayopakana na misitu, Kaunti ya Kwale



Leo nazungumzia mmea ambao wengi wenu mmeuona juu ya miti: okidi chui. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia. Mizizi yake mingine husimama kama sindano na kufanya kikapu cha kunasa majani makavu, ambayo yakioza huwa chakula chake. Haunyonyi mti, umekaa juu yake tu. Lakini mti ukikatwa kwa ajili ya makaa, okidi nayo huanguka. Wapo pia wanaoing'oa ili kuiuza. Ndiyo maana shirika la IUCN limeiweka katika orodha ya mimea iliyo hatarini.

Mtauliza, kwani haizai mbegu? Huzaa, tena nyingi mno, laini kama vumbi. Shida ni kwamba mbegu ya okidi haina akiba ya chakula kama punje ya hindi. Msituni haioti mpaka ikutane na kuvu ya kuilisha. Nyingi hupotea.

Mwaka 1922, mwanasayansi wa Marekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba mbegu hizo huota bila kuvu zikipewa sukari na madini ndani ya chupa safi. Hadi leo maabara hufuata njia hiyo. Tunda lililokomaa, kabla halijapasuka, husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Mbegu hutandazwa juu ya chakula kilichogandishwa kwa agari. Vijidudu vikiingia, chupa nzima huharibika. Baada ya miezi kadhaa, miche hutolewa na kuzoeshwa hewa ya nje kidogo kidogo, kivulini.

Wakulima wa ndizi mnaijua tishu kalcha. Miche yenu hutoka kwa mgomba mmoja bora na hufanana nao, na ndivyo mnavyotaka. Msituni kufanana huko ni hatari, kwa kuwa ugonjwa unaoua mmoja waweza kuua wote. Kwa hiyo okidi za kurudishwa msituni ni heri zitokane na mbegu, tena za matunda ya mimea mingi.

Ombi langu ni hili. Usiing'oe okidi, wala usiinunue kwa aliyeitoa msituni. Ukiiona imezaa, mjulishe afisa wa misitu, naye atawaita wenye kibali cha kuchuma. Matunda machache yakichumwa na mengine yakiachwa, mmea mama unabaki na msitu unabaki na mbegu zake. Anayetaka kuuza okidi ng'ambo ajue kwamba mkataba wa CITES unasimamia biashara ya okidi zote.

Mwisho, tuitunze miti. Maabara yaweza kutupa miche elfu moja, lakini haiwezi kutupa mbuyu wa kuipandisha.