MNYOO WA KOMPYUTA HAUTOKI KWA NYUMBA MOJA MOJA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kompyuta, kwa maana wengi wenu mmenunua mashine za mtumba kwa ajili ya watoto na kwa hesabu za vikundi. Sisi si mafundi wa mambo hayo. Kazi yetu ni reli, na shule yetu ilikuwa ya msingi tu, ya misheni. Lakini mwaka 2010 lilitupata jambo lililotutoza fedha na kututia haya, na twaona yafaa tuliseme wazi lisije likawapata na ninyi.

Mwaka huo tulikuwa nyumba tatu katika mstari mmoja wa kota za reli. Kila nyumba ilikuwa na kompyuta moja yenye Windows XP. Tulichanga, tukaziunganisha zote kwa waya kwenye ruta moja, ili tulipe intaneti pamoja. Katika kompyuta ya kwanza tuliweka daftari la michango ya msiba: nani ametoa, nani hajatoa, nani amesaidiwa. Ndugu zangu, mnajua wenyewe. Hesabu ya fedha za matanga ikipotea, hapana mtu atakayekuamini tena, hata ukiapa.

Siku moja kompyuta ile ikaanza kwenda polepole. Ikakataa kufungua kurasa za Microsoft na za makampuni ya kukinga virusi, ingawa kurasa nyingine zilifunguka. Fundi akaja, akasema ni mnyoo uitwao Conficker. Akausafisha, akachukua shilingi 1,500, akaenda. Baada ya siku mbili ukarudi. Akaja tena, akalipwa tena, ukarudi tena. Mara ya tatu akasema dawa iliyobaki ni kufuta kila kitu kilichomo, pamoja na daftari la msiba.

Hapo tukakosa. Badala ya kutafuta sababu, tukatafuta mtu. Binti wa jirani yetu, mama mjane, alikuwa Kidato cha Pili, na jioni alizoea kuja na flashi yake kuandika kazi ya shule. Tukasema ni yeye aletaye mnyoo. Tukamkataza asiguse mashine. Alichomoa flashi yake, akatoka bila neno.

Baada ya majuma mawili mama yake akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Akasema, "Majirani, mtoto wangu ana majuma mawili hajaingia humu, na nasikia mdudu wenu yumo bado. Sasa mtamfukuza nani?"

Hatukuwa na jibu. Ndipo tulipokwenda kuuliza vizuri ni mdudu gani huyu.

Tukaambiwa hivi. Kuna virusi, ambavyo hungoja mtu afungue faili. Na kuna mnyoo, ambao hutembea wenyewe kutoka mashine hata mashine. Conficker ulionekana mara ya kwanza Novemba 2008, ukaingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Huingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni tundu lililokuwamo ndani ya Windows yenyewe. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuliziba tarehe 23 Oktoba 2008, kabla mnyoo haujatoka, lakini sisi hatukukitia. Wa pili ni neno la siri lililo dhaifu: mnyoo hujaribu maneno mepesi moja baada ya jingine, na letu lilikuwa 12345 katika nyumba zote tatu. Wa tatu ni flashi, kwa maana hujificha humo na kujaribu kuamka flashi inapochomekwa. Tena ukisha kuingia, huzuia Windows isipokee viraka vipya, ili usitolewe.

Basi tukaelewa. Fundi alikuwa akisafisha kompyuta ya kwanza tu, na nyumba ya pili na ya tatu zikiirudishia mnyoo kwa waya. Nani kati yetu aliyekaa katika kota hajui habari za kunguni? Ukichemsha nguo zako peke yako, na chumba cha pili hakijachemsha, usiku wa pili wamekwisha kurudi kwako. Hapana dawa ila mstari mzima utoe vitanda nje siku moja.

Tukasafisha zote tatu kwa siku moja. Tukashukuru. Jumamosi usiku mnyoo ukarudi.

Hapo tukafanya kama afanyavyo mkuu wa stesheni, ambaye hapitishi treni bila kuandika saa yake katika rejista. Tukaandika katika kitabu: mashine gani imeugua, siku gani, na nani amechomeka kitu gani. Tukasafisha tena zote, tukangoja. Siku tano kimya. Jumamosi usiku ukarudi, na kitabu kikatuonyesha. Kila Jumamosi mweka hazina wetu wa msiba alirudi kutoka stesheni ya mbali alikofanya kazi, akachomeka kompyuta yake ya mkononi kwenye ruta ili anakili hesabu. Kompyuta hiyo ya nne hatukuwa tumeihesabu hata mara moja. Hapana aliyeshuku mashine ya mkubwa. Naye ndiye aliyesema kwa sauti kuu kuliko sote ya kwamba binti yule afukuzwe.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyoumaliza. Mfanya kazi wa njia hainui reli kabla ya kuweka bendera nyekundu pande zote mbili. Hivyo kwanza tulichomoa waya zote kwenye ruta, ya mkononi pia. Pili, tulikwenda mahali penye kompyuta safi, tukachukua programu ya Microsoft ya kuondoa mnyoo, pamoja na kile kiraka, tukaviandika katika sidii. Hatukutumia flashi, kwa kuwa flashi ingeambukizwa katika mashine ya kwanza na kuipelekea ya pili. Sidii ikisha kufungwa haiandikiki tena. Tatu, tulinakili daftari la msiba peke yake, na tukaliandika kwa mkono pia. Nne, kila mashine tuliisafisha, tukatia kiraka, tukaizima na kuiwasha, tukaisafisha mara ya pili. Tano, tulibadili maneno ya siri, kila nyumba lake na refu. Sita, tulizuia flashi zisijifungue zenyewe, kisha tukakusanya flashi zote, hata zile za kwenye makabati, tukazisafisha. Mashine zote nne zilipokwisha kuwa safi ndipo tulipozirudishia waya. Mnyoo haukurudi tena.

Jioni ile wazee wa nyumba tatu, na mweka hazina mbele yetu, tulikwenda kwa mama yule kuomba radhi. Alitukaribisha chai. Binti alirudi kuandika kazi yake, lakini kwa muda mrefu aliomba ruhusa kila alipotaka kukaa kitini, na kila alipoomba sisi tuliona haya.

Msidhani mambo haya ni ya zamani. Mei 2017 mnyoo uitwao WannaCry ulipita katika nchi zaidi ya 150. Ulifunga kompyuta za hospitali Uingereza, na huko Ujerumani mbao za kutangazia treni za Deutsche Bahn zikaonyesha maneno ya kudai fedha badala ya saa za treni. Kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka ule ule. Na ninyi mnaonunua za mtumba, muulizeni muuzaji mashine ina Windows gani. Microsoft waliacha kuhudumia Windows XP Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Safisheni pamoja, siku moja, na mhesabu kila mashine, ya mkubwa na ya mdogo. Na kabla ya kumnyoshea mtoto wa mtu kidole, someni rejista.