Kuboresha Mtaa Bila Kumhamisha Mkazi



Tunapopanga kuboresha makazi, tujiulize kwanza: barabara ikishapita na maji yakishafika, nani atakuwa bado anaishi pale? Mara nyingi mnyonge akipata hati humuuzia mwenye fedha, kisha huenda kuanza upya bondeni, penye mafuriko.

Tuwatazame majirani zetu wa Voi, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa kitongoji cha Tanzania-Bondeni (ndiyo, hilo ndilo jina lake) walikuwa kwenye ardhi isiyo yao. Mpango wa kuboresha ulipofika, walipewa nafasi ya kuchagua aina ya umiliki. Badala ya hati ya mtu mmoja mmoja walichagua amana ya ardhi ya jamii. Ardhi ni ya wote kwa pamoja. Mkazi hukodishiwa kiwanja, nyumba ni yake. Akihama huuza nyumba, ardhi haiuzwi. Mlanguzi hapati pa kushika.

Kazi ilikuwa kwenye sheria. Utaratibu huo haukuwamo katika sheria za Kenya, ikabidi kuunganisha chama cha wakazi na wadhamini. Benki nazo husita kumkopesha asiye na hati yake binafsi. Hapo ndipo tunapowaomba wafadhili mfikirie mfuko wa mikopo ya ujenzi, kabla ya saruji na mabati.

Kamati nazo, mnapoorodhesha wakazi, mwandikeni na mpangaji. Kodi ikipanda, yeye ndiye wa kwanza kufungasha.