Hina, piko na kipimo cha kidoleni
Mazungumzo kwa wakaazi wa Kisiwani na Mji wa Kale



Ile mashine ndogo ya kubana kidole, oksimita, haipo hospitalini peke yake tena. Tangu Korona ya mwaka 2020 imeingia majumbani, inakaa kabatini pamoja na kipimajoto. Ni chombo kizuri. Lakini namba yake ikiaminiwa kupita kiasi, mgonjwa hubaki nyumbani saa ambayo angekuwa anapewa oksijeni.

Wazo lake lilitoka Japani mwaka 1974, kwa mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden. Upande mmoja wa kibano mna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho. Upande wa pili kuna kifaa kinachopokea mwanga uliopenya kidole. Damu iliyobeba oksijeni hupitisha mwanga mwekundu zaidi kuliko damu iliyoikosa. Mashine hulinganisha taa hizo mbili kila mshipa unapopiga, kisha hutoa asilimia. Mtu mwenye afya kwa kawaida husoma 95 hadi 100. Chini ya 90 ni dharura.

Basi mwanga lazima upenye, na hapo ndipo harusi zetu zinapoingia. Hina nyekundu haijaonekana kusumbua kipimo sana. Piko ni jambo jingine: tangu miaka ya 1980 madaktari wa nusukaputi wameandika kwamba rangi nyeusi ya vidoleni yaweza kuzuia mwanga hadi mashine ikashindwa kusoma. Mama mjamzito aliyepakwa piko hadi kwenye kucha asione haya kumwambia muuguzi. Kuna vidole vya miguu visivyopakwa, na kuna vipimo vya kubana ndewe ya sikio. Rangi ya kucha ifutwe kabla ya kupima. (Piko iliyochanganywa na dawa ya nywele huunguza ngozi pia, lakini hayo yana siku yake.)

Kisha kuna ngozi yenyewe. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na mashine hii ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa wazungu. Mashine husoma juu kuliko ilivyo. Kwa hivyo 93 kwenye kidole cha mtu wa Pwani si namba ya kulalia.

Yako mambo mawili ambayo oksimita haiyaoni kabisa. Aliyelala na jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa, damu yake hubeba sumu ya moshi mahali pa oksijeni, na mashine huihesabu sumu hiyo kana kwamba ni oksijeni. Itaonyesha 98 na mtu anakufa. Mwenye upungufu wa damu vilevile: kidogo alichonacho kimejaa oksijeni, namba inapendeza, lakini damu yenyewe haitoshi.

Hilo la pili lawahusu sana mabinti. Yuko binti anayejinyima chakula makusudi, akiogopa kunenepa, au anayekula kisha akajitapisha. Nyumbani huambiwa anaringa, ama ana jicho la watu. Ni ugonjwa, na unaua. Mwili ukishakosa chakula muda mrefu mapigo ya moyo hupungua na vidole hupoa. Damu haifiki vizuri ncha za vidole, na mashine husitasita au hutoa namba isiyotulia. Mama atazame namba ya pili kwenye kioo, ile ya mapigo. Binti aliyetulia, macho wazi, ikisoma chini ya 50 na amekonda, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama oksijeni yasema 99.

Kwa mtoto mchanga kibano cha mtu mzima hakifai. Akivuta pumzi mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunyonya, ama ulimi ukigeuka rangi ya buluu, safari ya hospitali ianze bila kungoja kipimo.